Koma si pumzi

Watoto wengi hufundishwa kwamba koma ni mahali pa kuvuta pumzi. Matokeo yake tunasoma “Mwalimu wetu wa Kiswahili, amefika”: kiima kimetengwa na kiarifu chake kwa kuwa tu mwandishi aliishiwa pumzi.

Ningeanza na maana. Andika ubaoni “Walimu waliochelewa hawatalipwa”, kisha “Walimu, waliochelewa, hawatalipwa”. Uliza: nani anakosa mshahara? Katika sentensi ya kwanza ni wachelewaji peke yao. Katika ya pili walimu wote wamechelewa, na wote wataambulia patupu. Darasa litacheka, hasa likimtazama mwalimu. Orodha ya maembe, ndizi na mapapai ingoje kesho. Hiyo hueleweka upesi.