Asmini na Historia Isiyoandikwa

Mwanafunzi wa historia ya Unguja akitaka kujua habari za karafuu za karne ya 19, hana taabu kubwa: zimo katika hesabu za wafanya biashara, katika daftari za forodha na katika barua za mabalozi. Lakini akiuliza habari za asmini, ua lipendwalo sana katika nyumba za pwani, daftari hizo hazimjibu. Si kwamba ua hili halikuwa na thamani. Karafuu ikikauka ndipo ifaapo kwa safari. Asmini ikichumwa jioni, kesho imekwisha kunyauka.

Basi ushahidi wake yatupasa kuutafuta kwingine. Kwanza, katika jina: neno hili asili yake ni Kiajemi, likapita katika Kiarabu hata likafika kwetu. Pili, katika kazi za mikono ya wanawake: koja la asmini, kitanda cha arusi kilichotandazwa maua, na kikuba, ambamo asmini hufungwa pamoja na mrehani, waridi na majani ya mkadi, kikavaliwa kwa ajili ya manukato yake.

Na jikoni je? Hapo tuvuke bahari. Katika mji wa Fuzhou, nchini China, matumba ya asmini huchumwa mchana. Usiku yafunguapo, huchanganywa na majani makavu ya chai, hata chai ikanywa harufu yake. Kisha maua huchekechwa yakatolewa, na kwa chai iliyo bora kazi hiyo hurudiwa mara kadha wa kadha. Thailand nako, maua huachwa yakielea juu ya maji usiku kucha, na maji hayo hutumiwa kupikia vyakula vitamu. Katika kazi hizi ua lenyewe haliliwi. Kinachotakiwa ni pumzi yake.

Mfunga kikuba na mtengeneza chai, basi, wana elimu moja: kuijua saa ya ua. Mwaka 2014 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliutambua ukulima wa asmini na chai wa Fuzhou kuwa urithi wa dunia nzima. Elimu ya kikuba nayo yastahili kuandikwa kwa uangalifu, kutoka vinywani mwa wenye kuijua. Kwani wao wakiondoka, hapana daftari la forodha tutakalolifungua.