Matembezi ya Siku Moja katika Vilima vya Kampala

Kampala ni mji wa vilima, na kila kilima kina wenyewe. Mgeni apitaye kwa motokaa huona maduka na msongamano tu, kisha hurudi kwao akasema ameiona Kampala. Lakini baba na mama na watoto waliokwisha kupata nguvu ya miguu, wakitembea tangu asubuhi hata alasiri, wataona jambo ambalo gari halimwonyeshi mtu, nalo ni kwamba vilima hivi vi karibu mno. Waliopigana hapa katika karne ya kumi na tisa hawakuwa wageni baina yao. Walikuwa wakisikilizana ngoma.

Safari na ianzie Kibuli baada ya sala ya asubuhi, kabla jua halijapanda. Msikiti ulio juu ya kilima hiki uliwekewa jiwe la msingi mwaka 1941 ukafunguliwa mwaka 1951, na minara yake huonekana toka mbali. Ardhi ilitolewa na Badru Kakungulu, aliyezaliwa mwaka 1907 akafariki mwaka 1991, mtu wa ukoo wa kifalme, mwana wa Nuhu Mbogo. Shule na hospitali zilizopo hapo zimesimama juu ya kipawa hicho. Watoto na waoneshwe haya, kisha waambiwe kwamba Kibuli ni mwisho wa kisa, wala si mwanzo wake. Mwanzo uko ng'ambo ya bonde.

Jamaa ikiteremka itapita karibu na njia ya reli, ivuke Nakivubo yenye soko kubwa na kelele nyingi, ambapo mama atawashika watoto mikono na baba atanunua gonja za kuchoma. Katika bonde hili hapana la kukawilisha. Mbele yao ni Kampala ya Kale, na kuipanda huko kunataka pumzi.

Hapo ndipo jina la mji lilipotoka, kwani Waganda walikiita kilima hicho kwa jina la swala waliokuwa wakilisha juu yake. Mwezi Desemba mwaka 1890 Kapteni Lugard, mtumishi wa Kampuni ya Waingereza, alipanda akajenga boma lake bila ya kungoja Kabaka Mwanga amwoneshe mahali. Siku hizi kilele kimeshikwa na Msikiti wa Taifa. Ujenzi wake ulianzishwa mwaka 1972 zamani za Idi Amin, ukasimama miaka mingi haujakamilika, hata ulipomalizwa kwa mali ya Libya mwaka 2006. Wageni wa dini zote huruhusiwa kuingia, na wanawake wasio na vazi la kujisitiri huazimwa nguo mlangoni. Ngazi za mnara ni nyingi na huzunguka, na babu wa jamaa, kama yupo, afadhali abaki chini kivulini. Watakaofika juu wataiona historia yote imetandikwa kama jamvi: kusini mashariki Kibuli walikotoka, magharibi Namirembe yenye kanisa la Waprotestanti, nyuma yake Rubaga ya Wakatoliki, kusini magharibi Mengo ya Kabaka, na kaskazini magharibi Kasubi yenye makaburi ya wafalme.

Ni hapo juu inapofaa kuwasimulia watoto. Uislamu ulifika Buganda kabla ya dini nyingine yenye kitabu. Khabari iliyopokewa ni kwamba mwaka 1844 Ahmed bin Ibrahim, mfanya biashara wa Kiarabu aliyetokea upande wa pwani, alisimama mbele ya Kabaka Suna siku ya kuuawa watu, akamwambia kwamba watu hao wameumbwa na Mungu, wala hana haki ya kuwamwagia damu bure. Kusema hivyo mbele ya Suna kulikuwa ni kuweka shingo rehani. Suna hakumwua, bali alitaka kusikia zaidi. Mwanawe Mutesa, aliyetawala toka mwaka 1856 hata mwaka 1884, alijifunza Kiarabu na Kiswahili, akafunga Ramadhani kwa muda wa miaka kumi, akaamrisha watu wasali. Wamisionari wa kwanza wa Kiingereza walifika mwaka 1877, na wa Kifaransa mwaka 1879. Wote waliwakuta Waganda wanaojua maana ya sala, ya saumu na ya kusoma, na wengi wanaosikia Kiswahili, na wakaitumia lugha hiyo katika mafundisho yao ya awali.

Lakini Mutesa hakukubali kutahiriwa. Walipofika Waislamu toka upande wa Misri na Sudani, wakasema kwamba asiyetahiriwa hafai kuwa imamu, vijana wa barazani walikataa kusali nyuma yake na kula nyama aliyochinja. Mwaka 1876 Kabaka akaona ya kuwa ufalme wake umeingiwa na amri isiyokuwa yake. Wengi waliuawa Namugongo, na hesabu isimuliwayo ni watu wapata 70. Ilikuwa miaka tisa kabla ya kuanza kuuawa Wakristo zamani za Mwanga. Kila tarehe 3 Juni Uganda hupumzika kazi kwa ajili ya mashahidi wa Kikristo, na watu humiminika Namugongo toka nchi nyingi, nayo ni haki yao. Ila mtoto wa Kiislamu aliyesoma miaka saba shuleni asipojua kwamba wa kwanza kuuawa hapo kwa ajili ya sala walikuwa vijana wa dini yake, lawama haiwi juu ya Wakristo. Ni juu ya wazee waliokaa kimya.

Na wakisimuliwa hayo, wasifichwe mengine. Mwezi Oktoba mwaka 1888 Waislamu waliutwaa mji, Wakristo wakakimbia, na Kalema aliyeitwa Rashid akawa Kabaka aliyetahiriwa. Utawala wake haukupata miaka miwili. Watu walilazimishwa kutahiriwa, na wana na mabinti wa kifalme waliuawa wengi, pamoja na Kiwewa aliyemtangulia kitini. Wapo wasimuliaji wanaoupita mwaka huo mbio mbio kama mtu apitaye makaburini usiku, na kufanya hivyo ni kuwadanganya watoto. Hata mwanzoni mwa mwaka 1890 Wakristo walikuwa wameurudia mji pamoja na Mwanga, na Kalema akafa mwaka huo ukimbizini kwa ndui. Kisha washindi wenyewe wakapigana, Waprotestanti na Wakatoliki, tarehe 24 Januari 1892, na bunduki ya Maksimu ya Lugard ikakata shauri toka kilima hiki hiki.

Mwaka huo huo Nuhu Mbogo, ndugu yake Mutesa na mkubwa wa Waislamu, alikubali amani akaja Kampala. Waislamu wakapewa wilaya tatu, na mwaka mmodi haukupita ila wakabakiwa na Butambala tu, na Mbogo akapelekwa Unguja kwa hofu ya fitina. Alirejeshwa mwaka 1895 akakaa Kibuli. Mapatano ya mwaka 1900 yalimgawia yeye na wafuasi wake maili 24 za mraba. Mtoto akiangalia toka mnarani ataona kwamba Kibuli imejitenga peke yake upande wa pili wa mji, na hatahitaji kuambiwa sababu.

Baada ya adhuhuri wateremke kwenda Mengo. Njia ya Kabaka imenyooka toka Bulange, jumba la baraza lililojengwa katika miaka ya 1950, hata lango la Lubiri, na katikati pana mzunguko ambao watu wote huuzunguka, ila Kabaka hufunguliwa geti akapita moja kwa moja. Watoto hulipenda jambo hili kuliko vita vyote. Ndani ya Lubiri, tarehe 24 Mei 1966 askari wa serikali walishambulia, na Mutesa wa Pili akaruka ukuta akanusurika, akafa London mwaka 1969. Vyumba vya chini ya ardhi vilivyotumiwa kufungia watu katika miaka ya 1970, watoto wadogo wasiingizwe.

Kasubi ni mwendo wa saa moja kwa miguu ya mtoto. Nyumba kuu ya nyasi, iliyokuwa jumba la Mutesa tangu mwaka 1882, iliungua tarehe 16 Machi 2010 ikajengwa upya kwa miaka mingi, na pete 52 za matete darini ni hesabu ya koo za Buganda. Watu huvua viatu wakaketi mkekani. Nyuma ya pazia la nguo za magome wamelala wafalme wanne: Mutesa, Mwanga, Daudi Chwa na Mutesa wa Pili. Aliyefunga Ramadhani kumi na aliyewaua waliosali ni mtu mmoja, na kaburi lake ni hilo.

Mtoto akiuliza wale vijana wamezikwa wapi, ajibiwe kwamba Namugongo iko mashariki, upande wa pili wa mji, na miguu yake haitafika huko kabla ya magharibi. Wasali alasiri, wapande gari la Wandegeya, na safari ya Namugongo iwekewe siku yake.