Taa Iliyowaka Saa Saba Usiku

Kuku wa mayai huhitaji mwangaza wa saa 14 hivi kwa siku. Jua la Kakamega hutoa 12. Kwa hivyo nilitaka taa ya banda la mama iwake saa moja jioni hadi saa tatu. Nikaandika 1 kwenye rejista ya alamu. Chipu haijui Kiswahili, bana. Taa iliwaka saa saba usiku, majogoo wakawika, mama akanitoa kitandani.

Kosa ni langu. Chipu ya saa huhesabu tu. Ina fuwele ya kwatzi inayotetemeka mara 32,768 kwa sekunde. Gawanya kwa mbili mara 15, unabaki na moja. Seiko Astron, saa ya kwatzi ya mkononi iliyoanza kuuzwa Desemba 1969, ilitumia 8,192. Mwaka 1984 IBM iliweka chipu ya Motorola, MC146818, ndani ya kompyuta yake ya PC AT. Hiyo iliweza kumgutusha prosesa kila baada ya muda fulani, au alamu ikifika, au saa ikimaliza kujisogeza mbele. Kugutushwa huko ndiko intarapti: maikrokontrola inalala, inaguswa bega, inafanya kazi, inarudi kulala. Stima ikipotea (na hapa mvua ya alasiri ikianza tu, unajua), kibetri kidogo kinaendeleza hesabu.

Lakini ni saa ya nani? Kenya ya mkoloni iliwahi kuwa mbele ya Greenwich kwa saa mbili na nusu, ikaja saa mbili na dakika 45, kisha saa tatu tulizo nazo. Hizo tatu ni za jua la longitudo 45, karibu na Mogadishu. Jua letu liko nyuma kwa kama dakika 41. Mogadishu hulitazama likizama karibu saa kumi na mbili. Sisi, kwa saa ileile, hungoja hadi kumi na mbili na dakika 45 hivi. Kuku hawajui ya Greenwich wala ya Nairobi. Giza likiingia wanapanda kulala.

Mama hakutaka hadithi ya Motorola. "Itawaka saa ngapi?"

Nikaandika 18 na 40. Nikaongeza mstari niliousahau, wa kufuta bendera ya intarapti, maana usipoifuta chipu haitakuita tena kesho. Jioni tukasimama mlangoni mwa banda, yeye na simu yake, mimi na yangu.