Masanduku ya vitabu ng'ambo ya ziwa

Familia nyingi za Nundu, Baraka na vijiji vingine vya Fizi zilivuka Ziwa Tanganyika wakati wa vita vya 1996, zikafikia Kigoma na baadaye kambi ya Nyarugusu. Nchi iliyowapokea ilikuwa imehangaika miaka mingi na swali ambalo wahami wanalijua vizuri: kitabu kitamfikia vipi mtu asiye na maktaba, ile bibilioteki, karibu naye?

Jibu la kwanza lilikuwa sanduku. Mwaka 1948 serikali ya Waingereza ilianzisha East African Literature Bureau, chini ya Charles Richards. Ofisi hiyo ilitoa vitabu kwa Kiswahili na lugha nyingine za Afrika Mashariki, kisha ikatuma masanduku ya vitabu mashuleni na katika vituo vya vijiji. Mtu mmoja, mara nyingi mwalimu, aliyatunza na kuazimisha. Vitabu vikishasomwa, sanduku lilibadilishwa. Wengine waliletewa kwa posta.

Mwaka 1960 Sydney Hockey, mtaalamu wa ofisi hiyo, aliandika ripoti: kila nchi iwe na bodi moja ya maktaba yenye sheria yake, mji usijitenge na kijiji. Tanganyika ilipitisha sheria mwaka 1963, Uganda 1964, Kenya 1965.

Mkurugenzi wa kwanza Tanganyika alikuwa Mwingereza, Max Broome. Tarehe 9 Desemba 1967 Rais Nyerere alifungua maktaba kuu Dar es Salaam. Jengo zuri, lakini mwaka huohuo zaidi ya watu 9 kati ya 10 waliishi vijijini, na karibu watu wazima 7 kati ya 10 hawakujua kusoma.

Mzigo huo ulimwangukia Ezekiel Kaungamno, Mtanzania aliyeongoza shirika hilo miaka ya 1970. Kisomo cha watu wazima kilikuwa kinaenea nchi nzima, na anayejifunza herufi leo akikosa cha kusoma huzisahau kesho. Ndipo maktaba ndogo zikafunguliwa vijijini, na magari yenye rafu yakazunguka. Kiongozi wa kazi hii hakupimwa kwa uzuri wa jengo lake, bali kwa umbali ambao kitabu kilifika. Kufikia 1986 serikali ilihesabu kwamba wasiojua kusoma wamebaki kama mmoja kati ya 10. Lakini uchumi ulikuwa umeanguka: karatasi ilikosekana, na magari yakakosa mafuta na vipuri. Kusambaza vitabu bila pesa ya kila mwaka ni kazi isiyodumu, hata kiongozi awe hodari namna gani.

Kwa watu wanaohama, mfano ulio karibu zaidi unatoka Kenya. Mwaka 1996, mwaka uleule watu wa Fizi walipokuwa wanakimbia, shirika la maktaba la Kenya lilianza kupeleka vitabu kwa ngamia kutoka Garissa, kwa wafugaji ambao gari halikuweza kuwafikia. Ngamia mmoja alibeba masanduku ya vitabu, mwingine hema. Walipofika, hema lilisimamishwa, mikeka ilitandikwa, watoto walikaa kusoma. Aliyetaka aliazima kitabu, akakaa nacho mpaka ngamia waliporudi, kama wiki mbili hivi.