Ndege za Uingereza katika delta ya Rufiji (1914–1915)

Ndege za Uingereza katika delta ya Rufiji zilikuwa kundi dogo la ndege zilizotumiwa na jeshi la majini la Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ili kuitafuta, na hatimaye kuiangamiza, manowari ya Kijerumani SMS Königsberg. Zilifanya kazi kuanzia Novemba 1914 hadi Julai 1915 kutoka visiwa vya Niororo (leo Nyororo) na Mafia. Sehemu kubwa ya delta hiyo leo iko katika Wilaya ya Kibiti, Mkoa wa Pwani, nchini Tanzania. Ndege ya kwanza kati yake inajulikana hasa kwa jinsi ilivyotengenezwa upya kwa vipande vilivyotoka mahali mbalimbali, hata rejeta ya gari la Ford.

Chanzo

Königsberg ilishushwa majini huko Kiel mwaka 1905. Ilifika Dar es Salaam katikati ya mwaka 1914, vita vilipokaribia, ikiwa chini ya nahodha Max Looff. Tarehe 20 Septemba 1914 iliishambulia manowari ya Kiingereza HMS Pegasus iliyokuwa bandarini Zanzibar kwa matengenezo, ikaizamisha. Baada ya hapo mashine zake zenyewe ziliharibika, ikajificha ndani ya delta ya Rufiji. Vipande vya mashine vilivutwa kwa nguvu za mamia ya wapagazi Waafrika kwa njia ya nchi kavu hadi karakana za Dar es Salaam, kisha vikarudishwa. Majina ya wapagazi hao hayakuandikwa katika taarifa za upande wowote, ingawa bila wao meli isingeweza kuwa tayari tena kusafiri.

Mwishoni mwa Oktoba 1914 HMS Chatham iligundua kwamba meli iko mtoni. Kujua mahali penyewe lilikuwa jambo jingine. Delta ina midomo mingi, kama vile Simba Uranga na Kikunya, na mikoko mirefu inafunika kingo zote. Wajerumani walifunika milingoti kwa matawi. Manowari kubwa za Kiingereza hazikuweza kuingia kwa sababu maji ni machache, na bunduki na mizinga midogo ilifichwa kando ya midomo ya mto. Tarehe 10 Novemba Waingereza walizamisha meli ya makaa, Newbridge, katika mlango mmoja ili kuufunga, lakini njia nyingine zilibaki wazi. Lilihitajika jicho la juu.

Ndege ya Cutler

Dennis Cutler alikuwa rubani wa kiraia aliyekuwa Durban, Afrika Kusini, na ndege-boti ya Curtiss. Ndege-boti ni ndege ambayo tumbo lake ni mtumbwi. Haina magurudumu wala haikai juu ya maboya. Injini ilifungwa katikati ya mabawa mawili, rafadha ikitazama nyuma. Jeshi la majini lilimpa Cutler cheo cha afisa, likampakia pamoja na ndege yake katika meli Kinfauns Castle na kumleta Niororo.

Aliruka mara ya kwanza tarehe 19 Novemba 1914. Mawingu na mvua vilimpoteza, akatua kando ya kisiwa kingine na kutafutwa kwa saa kadhaa hadi alipopatikana. Shida kubwa ilikuwa joto. Rejeta ya Curtiss haikutosha kupoza injini katika jua la Mafia, tena ilivuja. Badala yake ilitafutwa rejeta ya gari la Ford huko Mombasa, ikafungwa kwenye ndege. Cutler akaruka tena na safari hii akaiona Königsberg ndani kabisa ya mto. Hapo ndipo Waingereza walipopata uhakika wa kwanza kutoka angani.

Wakati wa kutua tumbo la ndege liliharibika. Kinfauns Castle ilisafiri hadi Durban kuchukua bodi la Curtiss ya pili, na mafundi wakaunganisha bodi hilo na mabawa na injini vilivyobaki. Ndege iliyoruka mapema mwezi Desemba basi ilikuwa nusu ya kwanza, nusu ya pili, na kiungo kimoja cha motokaa.

Haikudumu. Katika mwezi huohuo injini ilizimika juu ya delta, Cutler akashuka mtoni na kutekwa na Wajerumani. Mabaharia wa Kiingereza waliingia kwa boti chini ya risasi wakaifunga ndege kamba na kuivuta hadi baharini, lakini rubani hawakuweza kumwokoa.

Ndege zilizofuata

Februari 1915 zililetwa ndege mbili za maji aina ya Sopwith chini ya luteni John Cull. Hizi zilikuwa mpya, ila zilifaa zaidi hali ya hewa ya Ulaya: gundi iliyoshika mbao ililegea kwa joto na unyevu, rafadha zikapasuka, na ndege zikishindwa kupaa na mzigo wa mabomu. Sababu si uhodari wa marubani. Hewa ya moto ni nyepesi kuliko ya baridi, hivyo bawa hupata nguvu ndogo ya kuinuka na injini hupumua vibaya. Ndege za wakati huo hazikuwa na nguvu ya ziada ya kufidia upungufu huo.

Aprili zilifika Short tatu zenye mabawa ya kukunjwa. Zilikuwa kuukuu na hazikuweza kwenda juu sana, lakini tarehe 25 Aprili moja yake ilipiga picha za Königsberg kutoka kimo kidogo, ikipigwa risasi kutoka chini.

Mafia ilikuwa imetekwa Januari, na hapo ukatengenezwa uwanja wa ndege. Mwezi Juni zilikuja ndege za magurudumu, Caudron mbili na Henri Farman mbili. Farman zilikuwa na kiunzi cha mabomba ya chuma, na kwa maoni ya wengi hilo lilikuwa jambo la busara kuliko yote yaliyokuwa yamefanywa hadi hapo.

Julai 1915

Pamoja na ndege zilivutwa kutoka Malta meli mbili za mtoni, HMS Severn na HMS Mersey. Zilikuwa zimejengwa kwa ajili ya Brazil na ziliweza kuelea katika maji machache. Tarehe 6 Julai zilirusha makombora zaidi ya 600 kwa umbali wa kilomita zipatazo 10 bila kuiona shabaha. Ndege ilipaswa kueleza kwa redio kila kombora lilipoanguka, lakini meli mbili zikipiga kwa pamoja haikujulikana kombora ni la nani. Shambulio likashindwa.

Tarehe 11 Julai zilipiga kwa zamu. Cull aliruka na Farman akiwa na mwangalizi Arnold. Ndege ilipigwa na injini ikafa. Wakati ikishuka bila nguvu Arnold aliendelea kutuma masahihisho, na makombora ya Severn yakafika. Farman ilianguka mtoni karibu na Mersey na wote wawili wakaokolewa. Königsberg ikawaka moto, Looff akaamuru ilipuliwe.

Kama modeli

Wajenzi wa modeli huchanganya seti mbili au tatu ili kupata ndege isiyouzwa dukani. Curtiss ya Cutler inawafaa, kwa kuwa hata ndege halisi ilijengwa hivyo. Curtiss ya aina ya F ilikuwa na upana wa mabawa wa takriban mita 13.75, yaani sentimita 19 hivi katika kipimo cha 1:72. Rejeta inaweza kuchukuliwa kutoka seti ya gari la Ford la kipimo hichohicho. Kosa la kawaida ni kuchukua ya gari la kipimo kingine, nayo huonekana kama mlango wa nyumba.

Mabaki

Mizinga 10 ya Königsberg iliopolewa, ikatengenezewa magurudumu na kutumiwa na jeshi la Paul von Lettow-Vorbeck nchi kavu. Mwaka 1924 nahodha wa zamani wa Pegasus, John Ingle, alinunua haki ya kuchukua vyuma vya meli kwa pauni 200. Kazi ya kukata vyuma iliendelea kwa vipindi hadi miaka ya 1960, na mwaka 1966 bodi lilivunjika na kuzama katika tope la Rufiji. Mzinga mmoja uko Pretoria na mwingine katika Ngome ya Yesu, Mombasa, pamoja na mzinga wa Pegasus.