Nani Alimwinua Nani?

Raising Hell ya Run-DMC, albamu ya 1986, husifiwa kwa kuifikisha rapu kwa mashabiki wa roki. Kwa maoni yangu, sifa hiyo imegeuzwa miguu juu, kichwa chini. Madijei wa New York walikuwa wakiutumia mwanzo wa "Walk This Way", wimbo wa kundi la roki la Aerosmith, miaka kadhaa kabla ya hapo. Wakiirudisha santuri nyuma kabla mwimbaji wa kundi hilo, Steven Tyler, hajafungua kinywa, kwani walichotaka ni ule mdundo mkavu wa ngoma tu. Roki ilikuwa ghala lao zamani.

Mpinzani atasema bila Aerosmith kushiriki, wimbo ule uliorudiwa na Run-DMC katika Raising Hell usingefika nafasi ya 4 Marekani. Kweli, sura za wazungu zilifungua milango ya redio na televisheni (aibu ya redio hizo, si ya rapu). Lakini albamu ya kwanza ya Run-DMC, ya 1984, ilikwishapata dhahabu bila wao, na "Rock Box" iliyomo humo inanguruma kwa gitaa la Eddie Martinez. Aerosmith je? Done with Mirrors ya 1985 ilidorora sokoni. Permanent Vacation ya 1987 ikawarudisha juu. Watunzi wa kukodiwa walichangia, sawa, ila Run-DMC, vijana wa Queens, ndio waliotangulia kuwashika mkono.