Tarehe ya Malale na Tiba, Karema hadi Inyonga

Vijana wa Mpanda hudai kuwa tiba ya kisasa ililetwa na reli na mgodi. Sivyo. Risasi iligunduliwa Mpanda mwaka 1934. Mwaka huo Karema ilikwisha kuwa na tabibu kwa miaka 45.

Tabibu huyo ni Adrien Atiman. Alizaliwa kando ya mto Niger, karibu na Timbuktu, akaibwa utotoni na kuuzwa utumwani. Mapadri Weupe walimkomboa huko Algeria, na Kadinali Lavigerie akampeleka Malta kusomea utabibu. Alifika Karema mwaka 1889, akamwoa Bibi Agnes Wansabira, na mwanawe Joseph akawa padri. Hakuihama Karema mpaka umauti ulipomkuta mwaka 1956. Husimuliwa kwamba hakuzidharau dawa za miti za wenyeji: alizichunguza, na nyingine alizionja mwenyewe kwanza.

Karne ya 20 ilipoanza, malale yalitanda kando ya Ziwa Tanganyika, ilipo Karema. Wajerumani walijenga kambi, wakapapasa watu shingo kutafuta tezi, wakadunga atoksili, dawa iliyowapofusha baadhi ya wagonjwa.

Hapa nisimame kidogo kwa habari ya ndorobo, mdudu anayeeneza malale, maana wapo wanaomfananisha na nzi wa chooni. Mtazame akitua: hulaza mbawa zake moja juu ya nyingine, kama mkasi uliofungwa. Akiuma, hata nguo haizuii. Aliyeambukizwa huanza kwa homa. Mwisho husinzia mchana, tonge likiwa mkononi. Asiyetibiwa hufa, na kwa aina kali, malale ya porini, kifo huja kwa miezi tu.

Turudi kwenye tarehe. Malale hayo makali yalitambuliwa Maswa mwaka 1922, kisha yakaonekana magharibi. Daktari Maclean wa serikali ya Waingereza akawakusanya watu. Wakonongo wakaacha mahame na mizinga yao ya nyuki, wakapangwa pamoja Inyonga na kwingineko, wakafyeka pori ili ndorobo akose kivuli. Vifo vilipungua, lakini nchi waliyoiacha ikamezwa na miombo.

Kwa hiyo anayeuliza nani alianza apange miaka: Maclean ana kambi zake, Mpanda ina reli yake, na yote hayo yalimkuta Atiman kazini Karema. Heshima ya kwanza ni yake.